Tulisema ni Kisu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo nimepewa cheo. Cheo bila ofisi, bila ufunguo, bila chochote. Mratibu wa Taarifa za Matukio! Bosi wetu, Bwana Kaijage, alikitamka mbele ya wafanyakazi wote wa kituo chetu cha mazoezi ya viungo kama vile anasimika mchungaji. Kuanzia leo mgonjwa akianguka – fomu. Akichubuka – fomu. Mfanyakazi akiumia – fomu. Zote zinapita kwangu, halafu mezani kwake. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi, na wanataka kuona kituo kinachojali usalama.

Tena ni marufuku kusema mgonjwa. Ni mteja. Jovin akauliza: mteja asiyeweza kutembea atahamaje duka? Watu wakacheka. Bosi naye alicheka, kwa sababu aliyesema ni Jovin. Ningesema mimi ningeitwa ofisini.

Jovin ndiye anayenyoosha miguu na migongo. Mimi ni mambo ya mikono – kijiko, vifungo, mswaki. Akina mama wanamletea Jovin maziwa. Mimi wananiletea shida.

Mchana Twesigye aliletwa kutoka Kyerwa. Kijana mkubwa, mabega kama dume la ng'ombe. Alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa na lori la kahawa, akalala hospitali bila fahamu hadi goti la kulia likakauka likiwa limekunjwa. Maneno yamempotea. Nimemfundisha kitu kimoja tu: ukiumia, piga mkeka kwa mkono wako mzima, sisi tutaacha. Leo alinipigia mkeka nilipomnyoosha vidole, nikaacha, akacheka. Mama yake, Benadeta, akalia kwa furaha pale kwenye benchi. Mtu analia kwa sababu mwanawe ameweza kusema basi!

Anonciata, mhudumu wetu, alimpelekea chai. Anonciata anampelekea kila mtu chai. Inachosha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mwandiko mbaya leo. Hakuna neno.

Asubuhi Jovin alitangaza kwamba Twesigye lazima asimame kabla wageni wafadhili hawajafika. Lazima! Alimlaza kwenye mkeka, akamwambia Anonciata amshike kichwa na mabega, yeye akakamata goti. Nilikuwa mezani dirishani na bibi mmoja na shanga zake.

Twesigye alipiga mkeka. Jovin akaendelea. Akapiga tena. Nikasikia goti linalia. Nikamwambia, Jovin, anasema basi. Akanijibu bila kugeuka: "Wewe cheza na shanga zako."

Akapiga mkeka kwa nguvu zote, kama mtu anayetwanga. Halafu akaacha kupiga, akageuza kichwa.

Anonciata aliita mama yake kwa Kinyambo. "Mawe! Mawe!" Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilikuwa mdomoni mwa Twesigye na hakiachiwi. Jovin alimpiga ngumi ya taya. Moja haikutosha. Alipiga mpaka mdomo ukafunguka, na bibi yangu wa shanga akajifunika macho kwa khanga.

Benadeta alikuwa nje, ameenda kununua maandazi. Bahati ya nani sijui.

Nilichukua fomu. Nilianza kuandika, kweli nilianza. Bwana Kaijage akaniita ofisini, akafunga mlango, akaongea kwa upole ule wake wa kukemea. Nikiandika ameng'atwa, watauliza kwa nini. Nikiandika kwa nini, watauliza ni nani. Wakishajua ni nani, wageni hawaji, kituo kinafungwa, na hao wateja wote wanarudi kuozea vitandani kwao. "Ndicho unachotaka, Dada Kemirembe?" Akachana fomu vizuri, kwa kukunja kwanza. "Amejikata jikoni. Kisu. Mpeleke zahanati."

Nikampeleka. Njiani kidole cha Anonciata kimefungwa kwenye kitambaa cha jikoni, kinavuja. Muuguzi akauliza kimekatwa na nini. Anonciata akafungua mdomo. Mimi nikawahi.

"Kisu."

Muuguzi akakigeuza geuza kidole. Akasema kisu chenu kina meno?

Na mimi nikacheka! Nikasema ni kisu cha zamani, cha kukatia mkate.

Akaosha, akachoma sindano ya pepopunda, akashona. Akavuta nyuzi zikabana, jeraha likafungika safi kabisa. Anonciata hakutazama sindano. Alinitazama mimi, mwanzo hadi mwisho.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amekuja kazini. Amelazimika – aliyejikata jikoni hana ruhusa ya ugonjwa, ni uzembe wake. Anadeki kwa mkono wa kushoto. Jovin amempa jina: Mama Kisu. Wafanyakazi wote wanamwita hivyo sasa. Hata mlinzi.

Twesigye amevimba shavu. Benadeta aliuliza kimempata nini mwanawe. Jovin akamwambia ni jino, vijana wa rika hili magego huwasumbua. Yule mama akamshukuru. Akampa kibuyu cha maziwa! Nilisimama pale. Nilisikia yote. Nikaenda kupanga shanga.

Jumapili, 13 Oktoba

Anonciata hakuja kanisani. Mwalimu wa kwaya anasema ana homa. Nimesema labda malaria. Nimesema hivyo haraka sana.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere, kituo kimefungwa. Nilipanda bodaboda hadi Kituntu, kwao Anonciata. Sijui kwa nini nilienda. Hapana, najua.

Nilipita kati ya migomba hadi mlangoni. Mama yake alinipokea, nikamwamkia, akanishika mikono miwili: karibu, ndiwe dada uliyemsaidia mwanangu. Akaniletea kiti. Akanionyesha ndani.

Mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Unang'aa. Nyuzi zimezama kwenye nyama kama kamba kwenye shingo ya mbuzi aliyenenepa. Mstari mwekundu unapanda kwenda kwapani. Na harufu. Mama alikuwa ameweka majani juu yake, anasema ni ya kukausha majeraha ya kisu.

Ya kisu. Hata mama yake mzazi, Anonciata alimwambia ni kisu.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Nilimwambia kama ulivyosema wewe, Dada."

Tulipanda watatu – dereva, yeye katikati, mimi nyuma nikimkumbatia asianguke. Alikuwa na joto, nililisikia tumboni mwangu njia nzima hadi Nyakahanga.

Hospitali daktari aliangalia mara moja tu. "Hiki kisu gani?" Nilitazama ukuta. Bango la kunawa mikono.

"Meno," Anonciata akasema. "Ya mtu."

Daktari akakata nyuzi palepale. Sitaandika kilichotoka. Alikuwa anaongea na muuguzi lakini maneno yalinilenga mimi: jeraha la meno halifungwi, linaachwa wazi, uchafu utoke. Ukilifunga umeufungia ndani. Nani aliwaambia zahanati ni kisu? Yule muuguzi wa zahanati ni mtu makini, asingeshona kama angejua.

Nikasema naomba nitoke nipige simu.

Sikumpigia mtu. Nilikaa chini ya dirisha la maabara nikisikiliza watu wakiitwa majina.

Jumatano, 16 Oktoba

Wamekikata.

Vingine vitatu vya jirani havikunjiki. Daktari anasema mishipa ya mkono imeharibika, atahitaji mazoezi ya muda mrefu. Mazoezi ya mikono! Kwa nani Karagwe yote hii? Kwangu.

Kazini nilitoa taarifa. Jovin akasema tisa vinatosha kuchambulia kahawa. Kuna waliocheka. Nimeandika hapa waliocheka? Sijaandika. Nami nilitabasamu. Uso ulifanya wenyewe.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bwana Kaijage alienda kumwona mgonjwa. Mfanyakazi, samahani. Alibeba juisi ya boksi na Biblia na mimi. Aliomba sala ndefu, ya kushika bega. Akamshukuru Mungu kwa kuokoa mkono uliobaki. Halafu akatoa karatasi kwenye Biblia. Kwamba yeye Anonciata, kwa uzembe wake, akitumia kisu cha jikoni kinyume na maelekezo. Na kwamba meno aliyosema kwa daktari ni homa ilimchanganya.

"Weka sahihi tu binti yangu, nafasi yako ikusubiri."

Anonciata akainua ule mkono uliofungwa bandeji, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Sahihi itatoka wapi? Nilidhani ameshinda. Nilifurahi moyoni, kwa dakika hiyo.

Bosi akatoa kidau cha wino mfukoni. Alikuja nacho! Akamshika mkono wa kushoto, akakibonyeza kidole gumba mwenyewe, kama unavyombonyeza mtoto. Akafuta wino kwa kitambaa chake cheupe, taratibu, akisema pole, pole mama.

Mimi nilishikilia boksi la juisi.

Jumanne, 29 Oktoba

Wageni! Wazungu wawili na dada mmoja wa Dar mwenye viatu vyeupe. Nilipanda mbele nikasoma ripoti yangu. Mteja mmoja aliteleza bafuni, hakuumia. Mfanyakazi mmoja alijikata jikoni, amepewa matibabu. Wafanyakazi waliojeruhiwa na wateja: hakuna. Makofi. Yule dada wa Dar alisema amefika vituo vingi, hajaona uwazi kama huu.

Uwazi.

Twesigye hakuwepo. Mama yake aliambiwa kuna dawa inapulizwa ya wadudu.

Mchana tulikula wali, kuku, na senene, wale panzi wa kukaanga, wa kwanza wa msimu. Nilikula. Niwe mkweli, walikuwa watamu.

Ijumaa, 1 Novemba

Kwa kuwa wageni wameondoka na ahadi ya pesa imebaki, leo wamesafisha nyumba. Benadeta aliitwa, akaambiwa mwanawe ni hatari kwa watumishi, asiletwe tena.

"Amefanya nini, waitu?" Benadeta akauliza, kwa heshima ya kwao.

Bosi akasita. Jovin hakusita. "Mwanao amekula kidole cha mtu."

Alilisema hilo mbele ya wagonjwa wengine. Benadeta alipiga magoti sakafuni, mtu mzima yule, umri wa mama yangu, akaanza kuomba msamaha. Kwa Jovin! Akaomba aende kwa aliyeumia. Twesigye kwenye kiti cha magurudumu akawa anapiga mkono kwenye mkono wa kiti. Pa, pa, pa. Hakuna aliyeuliza anasema nini. Tunajua anasema nini.

Jovin akambeba mwenyewe hadi kwenye bodaboda, akamfunga kwa khanga mgongoni kwa dereva, kama mzigo wa ndizi. Goti lile lililokunjwa likawa limejitokeza pembeni barabarani. Dereva akauliza kama haliwezi kunyooka kidogo. Jovin akasema tulijaribu.

Benadeta hakuondoka na pikipiki hiyo. Alibaki getini, akanisubiri nitoke. Aliuliza kitu kimoja tu: lile shavu lilivimba siku ileile ya kidole?

Nikamwambia nina haraka.

Jumatano, 13 Novemba

Anonciata ameachishwa kazi. Barua inasema hawezi tena kutimiza majukumu yake ya mikono. Imeandikwa vizuri, ina pole mbili.

Lakini kuna jambo. Benadeta alimfuata Kituntu. Alimpelekea samli na akakaa naye kutwa nzima. Mama wa mng'ataji na aliyeng'atwa! Wakaunganisha taya na kidole. Na juzi wote wawili walionekana Kayanga wakitoka kwa afisa wa kazi.

Bosi ana hasira ambayo sijawahi kuiona. Hapigi kelele. Amepandisha mshahara wa Jovin na amenipa mimi meza mpya yenye droo. Ameniambia kwa upole: wewe ndiwe shahidi pekee mwenye akili timamu. Bibi wa shanga ni bibi wa shanga. Twesigye hasemi. Anonciata ana hasira zake. Kemirembe anasomesha wadogo zake, hawezi kupoteza kazi kwa maneno ya watu.

Alitaja majina ya wadogo zangu. Mmoja mmoja. Sikumbuki kumwambia majina yao.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekutana na Anonciata sokoni. Nilijificha nyuma ya mtu wa ndala. Mimi! Nilimwona anajaribu kufungua pochi kwa mkono wa kushoto huku ule mwingine umelala kifuani kama ndege aliyekufa. Sarafu zikamwagika. Mwenye duka akamwambia akae pembeni asiwacheleweshe wengine.

Najua mkono ule unahitaji nini. Joto la maji asubuhi, kukunja kidogokidogo, kukamata kitambaa. Kila siku inayopita unakauka. Kama lile goti.

Nilinunua nyanya nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumanne, 26 Novemba

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya kazi, Kayanga, wanakosikiliza madai ya Anonciata. Wametoa mapumziko ya chakula. Niandike haraka.

Afisa wa kazi ni mama mmoja mnene, miwani shingoni, hacheki na mtu. Asubuhi alimsikiliza Jovin. Jovin hakuona kitu, alikuwa ameinama. Alimsikiliza bosi. Bosi alitoa ile karatasi ya kidole gumba, akaisoma, akatoa na ripoti yangu ya wageni. Sauti yangu ilikuwa humo. Hakuna, hakuna, hakuna.

Kisha akamsikiliza Anonciata. Alieleza vizuri. Mkeka, goti, taya. Benadeta akiwa nyuma yake anatikisa kichwa kukubali. Nilifikiri: sasa anafika zahanati. Nilishika ukingo wa kiti.

Afisa akauliza: yule muuguzi ameandika kisu. Nani alimwambia kisu?

Bosi alinitazama, nusu ya jicho. Anonciata alinitazama pia.

"Ni mimi mwenyewe, mama," Anonciata akajibu. "Nilisema mimi."

Afisa akavaa miwani. Akamuuliza anaelewa anachosema? Kama mwenyewe alisema kisu siku ileile, na karatasi inasema kisu kwa dole lake, basi hayo meno yametoka wapi? Madai yake yanasimama juu ya nini? Anonciata akarudia, tulivu kabisa. Nilisema mimi. Benadeta akaanza kuongea, akaambiwa anyamaze.

Bosi aliegemea kiti. Nilimwona akipumua.

Tulipotoka nilimfuata hadi kwenye ukuta, kwenye kivuli. Nikamwambia, Anonciata, kwa nini? Mimi ndiye niliyesema. Unajua ni mimi.

"Ningesema ni wewe, ungefukuzwa leo, na neno lako lingekuwa neno la mwongo. Nani angebaki wa kusema aliona?"

Nikaanza kulia. Nikamwita mdogo wangu, nikamwambia Mungu akubariki kwa moyo huo –

Akanikatiza. Hakupaza sauti.

"Usidhani nimekusamehe, Dada. Sijakusamehe. Nakuhitaji tu."

Akakaa. Akatoa chungwa kwenye mfuko, akalizungusha mapajani, akajaribu kulishika kwa mkono ule, likaanguka. Akaliokota. Likaanguka tena. Halafu akaninyooshea, bila kunitazama. "Nimenyee."

Nimemmenyea. Nimemtolea hata nyuzi nyeupe. Anakula sasa, hapa pembeni yangu, anatema mbegu chini. Bosi yuko upande wa pili wa barabara, amemaliza kula, anachokonoa meno na kuniangalia. Ameinua kidole gumba, ishara ya mambo safi. Jovin anacheka kitu na mwenye mgahawa.

Ukurasa unanatanata, vidole vyangu vina maji ya chungwa. Mlango umefunguliwa. Afisa ana karatasi mkononi, anasoma jina langu lote, la ubatizo na la baba. Anonciata anafuta mdomo kwa kiganja, hasogei anipishe, inabidi nimruke miguu ili nipite, na daftari hili naingia nalo.